Paa la Kahawia la Wodi ya Uzazi

Mgeni rasmi, assalamu alaikum. Umefika Bulla Nabad jua likiwa utosini, ukaketi nasi bila kuulizia feni. Karibu sana. Tunajua umekuja kuzindua upakaji wa rangi katika zahanati yetu. Kabla hujashika brashi, sikia habari za mwenzetu Saynab Hirsi, mhudumu wa afya ya jamii, huyo aliyeketi mbele yako.

TULIKOTOKA

Wodi yetu ya uzazi imeezekwa mabati. Mwaka juzi Ramla alijifungua humo adhuhuri. Saa moja baadaye alimfunga mtoto kwenye shuka, akasimama.

"Eeddo, shangazi yangu, hapa mwanangu ataiva," alimwambia Saynab.

"Kaa kidogo, mama. Damu haijakatika."

Hakukaa. Jioni Saynab alimkuta nyumbani, mkeka umelowa damu. Alimkanda tumbo njia nzima hadi hospitalini, akisoma Kurani kwa sauti ili asiisikie hofu yake mwenyewe. Ramla alipona. Lakini Saynab alijilaumu: alikuwa akiwahimiza wajawazito waje kwenye chumba ambamo hata yeye hakuweza kukaa.

ALICHOFANYA

Kwanza tulipaka chokaa. Mng'ao ukawaumiza macho wanafunzi wa shule jirani, na vumbi likaifunika msimu uleule. Ndipo Saynab akasikia kuna watafiti Garissa mjini wanaojaribu rangi za kupoza mabati. Akapanda basi kuwatafuta. Walimweleza kwamba rangi hizo, ziwe kijani au kahawia, hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na joto la bati huliachilia angani. Umeme hauhitajiki. Wakampa mikebe minne ya kahawia.

"Rangi ya giza ipoze nyumba?" alicheka Mzee Ogle, mwenyekiti wa kamati. "Saynab, wamekuchezea."

"Basi napaka nusu, mzee. Utashika pande zote mbili."

Alipanda mwenyewe, baibui amelifunga kiunoni. Siku ya tatu, saa nane mchana, Mzee Ogle aligusa bati tupu, akauondoa mkono haraka. Akagusa upande wa kahawia. Kiganja kikatulia. Alivua koti, akaomba kazi.

TULICHOPATA

Kipimajoto cha wodi kilichokuwa kikigonga arubaini sasa husimama thelathini na nne. Bado ni joto, hatukudanganyi. Ila mwaka huu akina mama thelathini na mmoja wamejifungua humo, na hakuna aliyetoroka. Ramla mwenyewe alirudi kwa mtoto wa pili.

LINALOTUSUMBUA, NA OMBI LETU

Mikebe ya uzinduzi huu iliyoshushwa jana ni ya bluu ya kawaida. Saynab alisoma maandishi yake yote, kisha akatujia macho yamemwiva. Ikipakwa juu ya kahawia, wodi itarudi kuwa tanuri.

Tunaomba kuta zipakwe bluu, na lango pia. Paa liachwe. Kama lazima liwe bluu, watafiti wanayo bluu inayopoza. Nambari yao tumeiambatisha. Stoo ya dawa nayo inahitaji rangi hiyo ya kupoza.

Mgeni rasmi, Saynab hatakaa kusikia jibu lako. Osob yuko wodini, uchungu umemshika tangu alfajiri, na anamwita. Sisi wengine hatuondoki hapa mpaka utujibu.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na moyo wa kusikia.

Ni sisi,
Akina Mama wa Zahanati ya Bulla Nabad, Ijara.
Imesomwa na Hani Yakub, katibu.