Lusungu Kibona, Aliyekwenda Kuzika kwa Mwajiri Wake

Wachungaji, majirani wa Nanyala, viongozi wa chama cha wafanyakazi na ninyi nyote mlioacha kazi zenu, familia imenituma mimi Rabson, mdogo wa marehemu, niseme habari zake, nami nitazisema zote, hata zile zitakazowafanya wengine wenu mtazame chini.

Marehemu Lusungu Isaka Kibona alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974 katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje, mtoto wa tatu wa mzee Isaka na mama Gwantwa, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1983 hadi 1989, alikojifunza kusoma, kuhesabu na kupigana, na hilo la mwisho ndilo walimu walilolikumbuka zaidi. Mwaka 1992 alishuka Tunduma kupakua malori mpakani, akachomwa chupa shavuni akiamulia ugomvi usiomhusu, kisha akajifunza ufundi wa umeme Mbeya, na tarehe 3 Machi 2003 akaajiriwa na chuo kikuu kishiriki cha hapa jirani. Alifunga ndoa na Sekela Nzunda tarehe 12 Juni 2004 hapa hapa Nanyala, wakajaliwa Angel, Ipyana na Ferista. Mwaka 2019 wenzake walimchagua mwenyekiti wa tawi la chama, kwa sababu, walisema wenyewe, walitaka mtu asiyeogopa kipigo.

Kipigo kilikuja. Mazungumzo ya mkataba wa hali bora yalianza Januari mwaka huu wa 2025, chama kikidai vibarua wa jikoni na wa usafi waajiriwe na wapewe bima ya afya, mwajiri akikataa, na tarehe 6 Mei, wafanyakazi walipokusanyika getini, mabaunsa wa kukodi waliwaangukia kwa rungu, wakamvunja Lusungu mkono wa kushoto, wakamkanyaga mpishi mmoja mjamzito hadi mimba ikatoka. Mgomo ukapangwa uanze Jumatatu, tarehe 12.

Jumamosi akafariki mama mzazi wa mkuu wa chuo. Kwetu sisi msiba haususwi, hata kama jana mlishikana mashati, kwa hiyo Lusungu alikwenda na plasta yake, akatupia udongo kaburini kwa mkono mmoja, akala ugali wa msibani sahani moja na mkuu yule. Picha ikapigwa, ikazagaa kwenye simu, na yeye, kichwa ngumu tangu tumboni, hakujieleza, akiamini kuzika si jambo la kuombea radhi. Jumatatu alisimama mkutanoni kuomba mgomo usubiri matanga yaanuliwe, ndipo wenzake, wakiamini amenunuliwa, walipomrushia viti na mawe, mmoja akampiga nondo ya kisogo.

Alilazwa Vwawa, akahamishiwa Mbeya, polisi walipofika kitandani akasema hakumwona aliyempiga, ingawa alikuwa amemtajia mke wake jina, kwa kuwa aliogopa mgomo ungegeuka kesi na mkataba ukafa. Alifariki tarehe 20 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri. Juzi ndugu wa mkuu wa chuo, aliyekula nao sahani ile, alikuja kutuambia maneno ambayo Lusungu alimwambia mkuu pale pale: leo nakuzikia mama, tukianua matanga nakufungia geti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Vwawa na Mbeya, tunawashukuru majirani kwa kuni, maji na kulala nasi. Mkuu wa chuo tunamwona pale nyuma, karibu baba, mkataba bado haujasainiwa.

Na wafanyakazi wenzake tunawashukuru. Leo asubuhi walikuja wanaume wa chuoni na majembe yao, tunawajua, nao wanajua kwamba tunawajua, shemeji Sekela akatoka uani, akawatazama mmoja mmoja, akawaonyesha mahali pa kuchimba, kisha akawapelekea uji. Hajawasamehe, wala mimi sijawasamehe, ila msiba haususwi.

Pumzika kwa amani, kaka, kaburi lako wamelichimba vizuri.