Kidonge Kilichotoka Kama Kilivyoingia

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nimekaa mwisho wa benchi, pale ubao ulipopasuka na kumfinya kila asiye mwenyeji. Benchi lenyewe liko kati ya kibanda cha Kinyozi na sanduku la Soli, fundi viatu. Mama Birika huuza kahawa mbele yake, na Refa, ambaye hajawahi kuchezesha mechi hata ya watoto, huamua nani kashinda ubishi. Asubuhi hiyo Soli alikuja, akaiacha kahawa yake ipoe. Halafu akatoa kidonge mfukoni, akakiweka juu ya chuma chake cha kupigilia viatu, akashika nyundo.

— Fundi, siku hizi unashonea sisimizi? Kinyozi akauliza.

— Nakisaga. Ni kile cha presha na kifua. Nakimeza kila siku, kumbe kinanipita tu. Leo chooni nimekikuta kizima, hata rangi haijachujuka.

Alisema kama anatania, lakini alikuwa na hofu. Kabla ya dawa hiyo, kifua kilimbana kila akipanda kilima cha kuja kazini. Alikuwa akisimama kwenye nguzo ya umeme, akijidai anatazama viatu vya wapita njia, mpaka pumzi irudi. Sasa kama dawa haimwingii, iko siku angebaki palepale nguzoni.

— Hicho plastiki, Kinyozi akasema. Mwenda pole hajikwai. Kimejiendea polepole, hakikugusa kitu.

— Wewe nyoa vichwa, ya ndani tuachie, Refa akamkata. Kidonge hakina kosa. Ni tumbo limeacha lango wazi, mabeki wamelala.

— Tumbo langu linasaga mifupa, Soli akajitetea.

— Basi ni mpelelezi, Refa akasema. Kinaingia, kinaukagua moyo, kinatoka na habari. Na wewe umekimwagia maji. Ulitakiwa kukipeleka kliniki kikaseme.

— Au angekiosha akimeze tena, Kinyozi akaongeza. Ya kale dhahabu.

Mama Birika akaacha kumimina.

— Mkiendelea hivyo, nahamisha birika langu.

— Saga, Refa akaamua. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo piga upesi.

Nyundo ikapanda. Ndipo akatokea muuguzi wa kliniki, amefuata kiatu chake kilichong'oka kisigino.

— Baba, shusha hiyo nyundo kwanza.

Akaelezwa na watu watatu kwa mpigo. Akaomba pakiti, akaisoma, kisha akauliza taratibu:

— Kile ulichokiona chooni, ndani kilikuwa na nini?

Benchi zima likatazama chini. Hata Refa alinyamaza.

— Sikukipasua, sista, Soli akasema. Nani angekipasua?

Muuguzi akaokota tyubu ya gundi iliyolala kando ya sanduku.

— Hii mbona umeitupa?

— Imeisha. Gundi yote iko kwenye viatu vya watu.

— Lakini tyubu si hii, nzima?

Soli akaitazama tyubu, akakitazama kidonge.

— Na hiki ni tyubu, baba. Kina kitundu ambacho hukioni. Dawa inatoka kidogo kidogo mchana kutwa na usiku kucha, inalegeza mishipa, damu inapita bila kusukumana. Ganda haliyeyuki, linatoka tupu. Ukikisaga, dawa ya siku nzima inakuingia kwa mkupuo. Presha inaporomoka, nawe unaporomoka nayo. Kimeze kizima, kwa maji. Usikitafune, usikikate. Na kifua je? Leo kilimani kimekubana?

Soli akageuka kukitazama kilima. Kilima alikuwa amekipanda na sanduku begani, akikilaani kidonge njia nzima. Nguzo aliipita. Hakusimama. Wala jana hakusimama.

— Sista, akasema, na sauti ilikuwa nyepesi kama mguu uliovuliwa kiatu kinachobana, mimi ile nguzo nimeisahau.

Hakuna aliyeelewa nguzo gani, isipokuwa mimi niliyezoea kumwona pale. Akakimeza kidonge kizima, kisha nyundo ikapata kazi yake: akapigilia kisigino cha sista huku akicheka peke yake. Kinyozi akasema haba na haba hujaza kibaba, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaa mahali pake. Birika likaisha, tukatawanyika.

Yote ni kweli tupu, nilikuwepo. Nimetia chumvi mahali pamoja tu, pale niliposema Refa alinyamaza. Refa hajanyamaza hadi leo.