Mbuzi wa Kamba Katikati ya Ruvu

Tumsifu Yesu Kristo! Jamani, mbona sauti za wagonjwa? Tumsifu Yesu Kristo! Hapo sasa nimesikia. Baba katekista na wazee wangu wote, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Mnanijua: mimi ni Koleta, mzaliwa wa Kinole, yule mama anayeendesha boti ya kikundi chetu kule kivukoni. Leo sikuja kuomba sala. Nimekuja kumshukuru Mungu, na nitajisifu kidogo, maana kazi aliyonipa ni nzuri na siwezi kuifunika kwa kapu.

Ndugu zangu, nilikuwa naogopa maji kuliko paka! Kule kwetu Kinole, mlimani, maji tuliyoyajua ni ya kijito. Yanaishia magotini, unavuka na tenga la ndizi kichwani huku unapiga soga. Nilipoolewa huku bondeni nikaukuta Mto Ruvu, ambao masika ukifurika unameza mashamba na njia zote. Ili tufike sokoni Ngerengere tulivushwa kwa mtumbwi wa kuchongwa, tumebanana na mizigo yetu. Masika moja mtumbwi ule ulipinduka, nikampoteza shoga yangu Felista. Walipomtoa majini, mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania tenga. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikaapa kwamba sivuki tena, na ndizi zangu zikawa zinaivia na kuozea uani.

Baadaye kikundi chetu cha akina mama kikapata boti ya faiba na mashine ya kufungwa nyuma. Ilipoulizwa nani ataiendesha, watu wakatazamana. Nikasikia sauti inasema, "Mimi." Kumbe ni yangu! Kwa akili yangu ndugu zangu nisingethubutu. Ni Roho Mtakatifu aliyenisukuma, na nadhani na Felista alisukuma kidogo.

Nikaenda Ifakara kwa mjomba wangu Damasi, kaka yake mama, aliyezeekea kwenye boti za Mto Kilombero. Nanyi mnajua, kwetu Waluguru mjomba akinena, umenenewa. Kabla hajaniruhusu kugusa mashine alivua shati akanionyesha bega lake. Lilikuwa na kovu refu kama mfereji wa bustani.

"Mpwa wangu," akasema, "boti ikimtupa dereva wake, mashine haisimami kumsubiri. Boti inageuka, inazunguka, inarudi pale pale alipoangukia. Na propela, pangaboi lile la chini ya mashine, haimjui mwenyewe."

Kisha akanipa kamba nyekundu. Upande mmoja unafungwa mkononi, upande wa pili una kibanio kinachochomekwa kwenye mashine. Ukianguka, kibanio kinachomoka na mashine inazima papo hapo. Akaniambia, "Funga kamba kwanza, halafu ndio ufanye ishara ya msalaba. Mungu hapendi mzaha."

Nilirudi nimeiva! Hakuna aliyepanda boti yangu bila kuvaa boya, hata angekuwa mwenyekiti. Tenga linakaa sakafuni, halikai kichwani wala mapajani. Gia inakuwa frii ndipo nawasha, na siondoki mpaka nione kile kijimaji kinachoruka nyuma ya mashine, maana kisipotoka, mashine inaungua. Na tukishaondoka, hakuna kusimama. Wengine waliniita mkoloni, nikaitika.

Aliyenisumbua zaidi ni mtani wangu Shomari, yule Mzigua muuza viatu vya mitumba, aliyeoa hapa kwetu. Kila akiiona kamba yangu anapaza sauti kivuko kizima kisikie, "Jamani njooni mwone mbuzi wa Kiluguru! Wamemfunga kamba asile mahindi ya watu!"

Nami namjibu, "Afadhali mbuzi wa kamba, Mzigua. Asiye na kamba huliwa na fisi." Watu wanacheka, tunavuka. Utani ni utani, lakini moyoni uliniuma, maana hata wenzangu wa kikundi walianza kuninong'oneza niiache ile kamba, inanidhalilisha. Sikuiacha.

Ndugu zangu, sasa sikilizeni siku yenyewe. Mto ulikuwa umejaa, mvua ya manyunyu, kila mtu amejifunika. Kwenye benchi la nyuma karibu yangu alikaa mama mmoja amejitanda kanga mpaka usoni. Shomari alichelewa, akaruka ndani mwishoni, akakaa akielekeana naye, magoti yakigusana. Tukaondoka. Katikati ya mto yule mama akafunua kanga akauliza, "Koleta mwanangu, bado mbali?"

Alikuwa Bi Zena. Mama mkwe wake Shomari!

Mnajua wenyewe adabu zetu. Mwanamume hakai akigusana magoti na mama aliyemzalia mke. Hata njiani humpisha. Shomari akaruka kama aliyekalia siafu. "Loo! Shikamoo mama, samahani mama!" Nikapiga kelele, "Kaa chini!" Lakini abiria, kwa adabu hiyo hiyo, wakainuka nao wampishe ahamie mbele. Wote upande mmoja! Boti ikalala ubavu, ikatutema mimi na Bi Zena, ikainuka tena.

Nilikunywa Ruvu, ndugu zangu! Nilipoibuka nilitega sikio kusikia ile mashine inakuja. Sikuisikia. Nikasikia matone ya mvua juu ya maji na Bi Zena akikohoa. Nikatazama mkono wangu, kamba nyekundu ipo, na kibanio chake kinaelea. Propela ilikuwa imesimama tuli, na kanga ya Bi Zena imeigusa kwa pindo. Ingekuwa inazunguka, ingemvuta yeye na kanga yake pamoja. Asante Yesu! Asante!

Boya zilituinua, nikamshika Bi Zena kwa nyuma. Boti nayo, mashine imezima, ikasogezwa na mkondo mbali nasi. Nikapiga kelele, "Shomari, kasia! Wengine kaeni!" Safari hii walikaa kama mawe. Mtani wangu akapiga kasia, akatufikia. Nikamsukuma Bi Zena ubavuni mwa boti ili apokelewe. Shomari akanyoosha mikono, akairudisha. Akanyoosha tena, akairudisha. Mkono wake ulikuwa haujawahi kumgusa yule mama.

Bi Zena akamwambia, "Nishike, mwanangu! Heshima utaniletea nchi kavu!"

Akamshika kwapani, akamvuta ndani akilia kama mtoto. Kisha wakanivuta mimi. Nikachomeka kibanio, nikaweka gia frii, nikawasha, nikakitazama kijimaji changu. Kinatoka! Nikawafikisha ng'ambo wote, hakupungua mtu. Nikiwa nimelowa chapachapa nilisimama kwenye tope la kivuko, nikasema kwa sauti, "Felista, shoga yangu, leo wamefika."

Basi ndugu zangu, msiseme Koleta ni hodari. Au semeni, lakini anzeni na Mungu. Yeye aliyempa Musa fimbo, mimi amenipa kamba. Kama kuna mtu hapa anazama, kwa ugonjwa, kwa ndoa, kwa lolote, namwambia: mtegemee Bwana, hatakuacha uende na maji. Na kile kidogo alichokupa mkononi kifunge, hata wakikucheka. Usikivue kwa sababu ya kicheko cha watu!

Bi Zena yupo pale mlangoni. Si wa kanisa letu, lakini amesema lazima aje mmwone kwa macho yenu kwamba yu hai. Simama mama wakuone. Hapa ruhusa, hatuko kwenye boti.

Na Shomari je? Juzi asubuhi kaja na gunia lake la viatu, kavaa boya kabla sijamwambia. Akanitazama, akasema taratibu, bila kucheka, "Mbuzi, umefungwa?"

Nikamwinulia mkono. Akaiona kamba, akasema, "Alhamdulillahi," ndipo akakaa.