Albertine Lombe, mutoto wa Bunkeya katika nyumba ya Basanga

Baba padri, bazazi, bandugu na majirani, mimi ni Constantin, ndugu mudogo wa marehemu, jamaa imenipa kazi ya kubasomea maisha yake, na kwa sababu Yaya, ni kusema dada yangu mukubwa, alikuwa ananipiga fimbo kwa kosa moja tu ya kuandika, hii karatasi nimeirudilia mara ine.

Mwalimu Albertine Lombe alizaliwa Bunkeya tarehe 14 Februari 1964, mutoto wa tatu katika nyumba ya Bayeke, bantu ba ule ufalme wa zamani, na sisi tulikomaa na habari za Mwami, mufalme wetu, za mukuba, ile shaba, na za pembe za tembo, lakini hakuna aliyetuambia namna gani majirani balizisikia. Alisoma shule ya musingi kulekule, sekondari Likasi, akapata diplome d'État mwaka 1983, na toka Septemba 1984 mpaka 2022 alifundisha mwaka wa tano katika shule moja ya Katuba, na sauti yake bantu ba avenue ya pili balikuwa banaisikia.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Casimir Ngosa, fundi wa reli, Musanga kamili, muntu wa kabila jirani ambayo Bayeke balitawala zamani, na Mungu akabapa batoto bane, wa kwanza ni Wivine. Baba ya Casimir, muzee Ruphin Numbi, ule mwenye kofia pale mbele, alikubali ndoa, lakini hakutaja jina ya Yaya, alimuita tu "ule wa Bunkeya", na Yaya, aliyefiwa na baba angali mudogo, alitamani siku moja muzee amuhesabu kuwa mutoto wa nyumba, hilo alinieleza mara nyingi.

Mwezi wa pili wa mwaka 2000 alifundisha somo la ufalme, akaandika kwenye ubao faida ambazo majirani balipata, viazi vitamu, nyuzi za mukuba, njia za biashara, na Wivine, aliyekuwa katika darasa lile, kwa kutafuta sifa akamukariria nkambo wake, baba ya Casimir, yote siku ya yenga, kisha misa, mbele ya chakula. Muzee akasukuma sahani, akasema polepole: "Ule jirani mwenye kupata faida, jina yake Kunda. Balimukamata mu mashamba, balimupeleka Bunkeya na kamba mu shingo. Ni yeye alizala baba yangu."

Toka pale hakugusa tena chakula cha Yaya, akija kwa mwana wake anabeba bukari yake, ule ugali, ndani ya kitambaa, anaila inje, na Yaya, kichwa nguvu kama sisi bote, akajibu kwamba yeye hakukamata muntu, somo liko ndani ya kitabu. Mimi nilimushangilia, na leo nasikia haya.

Mwaka uliofuata, somo lilipofika tena, aliandika kwenye ubao jina la Kunda, akashindwa kuendelea. Alienda kwa muzee, akapiga magoti, hakujitetea, akamuomba aje kulifundisha yeye mwenyewe, muzee akakataa, akakataa tena, kisha tarehe 12 Machi 2002 huyu hapa kwenye mulango wa darasa, na kravati kwenye shingo, akaongea mpaka kengele ikapita, na hakuficha kwamba Basanga nabo balikuwa na batumwa babo. Mutoto mumoja akauliza kama nkambo wa Mwalimu ndiye aliyefunga ile kamba, na Yaya akajibu: "Sijui. Inaweza kuwa yeye." Saa sita muzee alikula maharagi ya Yaya, akaomba kuongezewa, na tangu hapo kila mwaka balifundisha lile somo babili, bakibishana mbele ya batoto, na batoto balipenda sana.

Ugonjwa wa figo ulianza Agosti 2023, akafariki Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, saa ine ya asubui, mwenye umri wa miaka makumi sita na moja. Tunashukuru madaktari na bauguzi baliomuhudumia bila kuchoka, majirani ba Katuba baliopika na kulala kwenye kilio, balimu benzake, na banafunzi bake ba zamani, bengine bako na mvi sasa.

Kuna benye kuuliza kwa nini mwalimu wa Bunkeya anazikwa hapa, pembeni ya mama mukwe wake. Bajomba betu balikuja kuchukua mwili, na tuliogopa maneno makubwa, lakini muzee Ruphin, mwenye miaka makumi kenda na moja, alisimama kwenye kilio akasema: "Hii fasi ya kaburi niliichunga juu ya mimi mwenyewe, pembeni ya bibi yangu. Mumulalishe mutoto wangu, mimi nitatafuta ingine." Bajomba baliinamisha vichwa, bakakubali.

Pumzika na amani, Yaya Albertine, uko kwenu.