Akiba ya Pasi

Mwaka wa themanini na nne, mvua ilipoikimbia Ganze na watu wakala mahindi ya manjano ya msaada, sisi tulikuwa tukinywa kahawa kwenye kibao cha Mzee Jaha, nyuma ya soko la Kilifi. Alasiri moja hapakuwa na jambo jingine ila la Kitsao, kijana wa Vitengeni, hukohuko Ganze, tuliyemwita Pasi, kwa kuwa alipiga pasi mashuka ya hoteli kule Bofa. Hoteli ilikuwa ikimwekea akiba ya uzeeni: akikatwa shilingi, tajiri naye huongeza shilingi. Lakini anayeacha kazi kabla ya miaka kumi huondoka na yake tu, ya tajiri hubaki hukohuko. Pasi alikuwa na miaka sita, na kwao kulikuwa na njaa. Alitaka kuacha kazi achukue yake.

— Usitoke, akasema Gharib, mpishi wa hoteli iyo hiyo, tuliyemwita Fatwa. Ya tajiri ni hiba. Hiba haikataliwi.

— Mbona wewe hukujiunga? akauliza Pasi.

— Mie sina neno na hiba. Ni hiyo faida inayozaa ndiyo yanikosesha usingizi. Riba ni riba, hata ikivaa kanzu.

Pasi akaweka kikombe chini.

— Mimi nilielezwa hivi. Mbuzi wako akizaa, humchinji mtoto. Naye azae, na mjukuu azae. Miaka ya mwanzo huoni kitu. Mwishoni zizi halitoshi.

— Mbuzi! akadakia Fumo, tuliyemwita Idhaa kwa kuwa hakosi habari. Mbuzi wa kwenu wako wapi mwaka huu?

Hakuna aliyecheka. Idhaa akaona haya, akakimbilia kwingine.

— Sikizeni. Hawa matajiri wamepiga hesabu zao. Wajua mtu wa pwani hafiki hamsini na tano, miaka ya kulipwa akiba. Ndiyo maana wafanyakazi hulishwa siagi! Ukifa, akiba yako yaenda Ulaya kununua theluji.

— Theluji hainunuliwi, bwana.

— Hainunuliwi kwa kuwa wameshainunua yote! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapo ni nani? Si mwenye hoteli?

Hapo hata Pasi alicheka. Ndipo akatokea mama mmoja na kitita kichwani, vumbi hadi magotini. Pasi akaruka kumtua.

— Mayo! Umekuja na nani?

— Peke yangu, mwanangu.

Alikuwa Kahonzi, mamake. Tukamwamkia shikamoo, Mzee Jaha akampisha akae. Alitusikiliza kidogo, kisha akauliza:

— Hizo pesa ni za nani?

— Zangu, mayo. Za nikizeeka.

— Mimi nimeshazeeka. Yangu iliwekwa wapi?

Fatwa aliinamia kikombe chake. Idhaa, asiyekosa habari, akaagiza kahawa nyingine. Pasi alikibeba kile kitita, akamshika mama mkono, wakaondoka.

Kazi hakuiacha. Aliuza baiskeli akanunua gunia la mahindi, akawa anakwenda Bofa kwa miguu. Mama hakurudi Vitengeni, walikaa chumba kimoja. Na kila mara hoteli ilipotangaza akiba imefikia wapi, Pasi alikwenda kumwambia yeye kwanza.

— Yetu imezaa, mayo.