Marehemu Kaka Yetu, Mfugaji wa Nge

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutusaidia kumsindikiza kaka yetu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na nitamsimulia kama alivyokuwa, bila kumpamba.

Fundi Nge, kama walivyomwita hata wakwe zake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mshonaji, akaanza shule mwaka 1958, na akiwa darasa la tatu akadungwa kidole gumba na nge aliyejificha chini ya jiwe, akalia kutwa nzima, kesho yake akarudi kulifunua jiwe lilelile, si kumuua, kumtazama tu.

Mwaka 1974 aliajiriwa maabara, akakaa miaka thelathini na saba akikamua sumu ya nge ya kutengenezea dawa ya waliodungwa, na ndiye aliyetufundisha kwamba yule mweusi mwenye magando makubwa ana makeke tu, wa kuogopwa ni yule mdogo wa manjano, mwembamba wa magando, mnene wa mkia.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, baada ya posa kuponea chupuchupu, kwani alikwenda ukweni na koti la kazini, akasahau chupa ya nge mfukoni, na mama mkwe akamalizia mazungumzo akiwa amesimama juu ya kiti. Shemeji alikubali kwa sharti moja, kwamba chumba cha nge hatakanyaga, na kweli hakukanyaga miaka arobaini na moja. Walijaliwa watoto watatu, wote waoga kama mama yao.

Alipostaafu aliendelea kuifugia maabara nge nyumbani, hadi Januari 2019 moyo ulipoanza kumsumbua. Mwishoni mwa Mei, akiwa hawezi kuinuka, jike wake wa mwisho wa manjano alizaa, na kaka akakosa raha kabisa, maana watoto hukaa mgongoni mwa mama mpaka wajivue gamba la kwanza, wakishashuka wasipotenganishwa wanatafunana, na kizazi kile kingekwisha. Mrithi wake kazini alikuwa safarini, na sisi wanaume wa familia, aibu yetu, kila mmoja alipata udhuru. Tarehe 8 Juni shemeji alivaa mabuti ya mvua, akachukua brashi laini, akaingia akimsema mumewe kwa sauti, akawahamisha mmoja mmoja, kila mtoto kopo lake, wote thelathini na mmoja. Kaka alicheka mpaka akakohoa, na tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, akatuaga akiwa ameridhika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuvumilia, wenzake wa maabara watakaokuja kuwachukua nge wiki ijayo, na zaidi ya wote wewe, shemeji yetu.

Kaka, leo asubuhi, kabla ya kuvaa nguo za msiba, mkeo ameingia tena mle chumbani, amewalisha wote, pumzika bila wasiwasi.