Babu Mita na Swichi ya Saa Saba Mchana

Jambo la kwanza ambalo wajukuu waliligundua kwa marehemu babu yao ni macho yake. Akiingia nyumba yoyote, hata ya wakwe, alitazama mita kwanza, ndipo akawaamkia watu. Mtaani walimwita Babu Mita, naye hakulikataa jina hilo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Ni mwerevu, lakini haamini jibu asilolikokotoa mwenyewe."

Mwaka 1974 aliajiriwa na ofisi ya umeme kuwa msoma mita. Kwa miaka thelathini na saba alizunguka mlango kwa mlango, daftari mkononi na kalamu nyuma ya sikio. Alistaafu mwaka 2011, na katika faili lake hapakuwa na doa hata moja. Faili hilo alijivunia kuliko saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977 na bibi yetu, aliyekutana naye kazini. Baba mkwe alianza kushuku alipoona mita yake inasomwa mara tatu katika mwezi mmoja. Akamsimamisha mlangoni. "Kijana, mita yangu haiendi mbio kiasi hicho. Sema unachosoma humu ndani." Marehemu akasema ukweli. Wakaishi pamoja miaka arobaini na saba.

Februari 2023 mafundi walibadilisha mita za mtaa mzima. Mita mpya haihitaji msomaji. Hupima umeme unaopita, hujumlisha, na kila nusu saa huifunga jumla hiyo, huiwekea saa na namba ya mita, kisha huituma ofisini kwa mawimbi kama ya simu. Marehemu aliipokea habari hiyo kwa jicho la pembeni. Alimwambia bibi kwamba mtu anayesema bila kuulizwa ni wa kuchungwa.

Haukupita mwaka, barua ikaja. Ofisi ilidai kwamba nyumba ya wazee wawili, wenye redio na jokofu moja, ilikuwa ikiendesha kiwanda kwa siri. Barua hiyo ilimchoma moyo. Akaanza kuandika kila siku namba za kwenye kioo cha mita, na saa saba mchana alizima swichi kuu kwa saa nzima. Bibi alilalamika kwamba jokofu linatoa machozi; yeye akaendelea. Alipoomba taarifa zake ofisini, saa ile iliyozimwa ilionyesha umeme ukitumika kwa wingi. Alimshuku fundi, akaishuku ofisi, mwishowe akamshuku jirani yetu mwoka mikate kwamba amevuta waya usiku. Miezi mitano hakumsalimu.

Mwoka mikate ndiye aliyebisha hodi Mei 2024, karatasi zake mkononi. "Mzee, unaninunia bure. Hata mimi nimeshangaa. Wanasema oveni yangu hulala kila siku kuanzia saa saba mpaka saa nane, na saa hiyo ndiyo natoa mikate."

Marehemu alitoka na karatasi zote hadi kwenye ukuta zilipofungwa mita mbili, akavaa miwani na kulinganisha namba ndogo zilizo chini ya kioo na zile za kwenye karatasi. Mita yake ilisajiliwa kwa jina la jirani, na ya jirani kwa jina lake. Akacheka mpaka akakaa chini. Enzi zake wasoma mita walizijua nyumba kwa mpangilio wa milango. Namba ya mita yenyewe hakuna aliyeisumbukia. Alimwomba jirani radhi, akala mkate wake wa kwanza baada ya miezi mitano.

Ofisi haikucheka. Walipoiandikia, ilijibu kwamba huenda wawili hao wamebadilishana mita wenyewe, na kwamba Septemba ingemtuma mkaguzi kuzijaribu.

Juni moyo wake ulianza kudhoofika, miguu ikavimba. Hospitalini alimuuliza muuguzi kipimo cha presha kilikaguliwa lini. Muuguzi alitabasamu, akakigeuza kukitazama, kisha akaenda kuleta kingine. Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, bibi akiwa amemshika mkono. Siku mbili kabla alikuwa amesema, "Nikifa, msiahirishe ukaguzi. Nataka faili langu lirudi kama nilivyoliacha."

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na jirani mwoka mikate, ambaye familia imeomba atajwe hapa.

Mkaguzi atafika Alhamisi, tarehe 19, saa saba mchana. Mwenzake atakuwa ofisini akitazama taarifa zikiingia. Bibi amekataa kumwachia mtu yeyote swichi kuu, ataizima mwenyewe. Nusu saa baadaye tutajua ni nyumba ya nani iliyonyamaza.

Pumzika, Babu. Daftari tunalo, na kalamu tumeichonga.